Sentimita Themanini

Saskatoon, mwezi wa pili, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Hapa gari hulazwa na umeme kama mgonjwa na dripu,
waya unaning'inia puani usiku kucha,
la sivyo alfajiri oili imeshakuwa ugali.

Mezani Siwema amenyoosha waya juu ya rula,
ncha zote mbili kazibana kwa mkanda wa gundi.
Kazi ya shule.
"Baba, usitikise meza."
Sitikisi. Naosha sufuria kwa adabu.
Anasoma mita, anaandika:
ishirini, omu moja nukta nane.
Arobaini, tatu nukta tano.
Sitini, tano nukta tatu.
Themanini, saba. "Saba kamili, Baba!"
kwa sauti ya mtu aliyeshuka ngazi gizani
akakuta vidato vyote vimelingana.

Kumbe kila sentimita ina kizuizi chake, na kila kizuizi kinatoza.
Namwambia: wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
"Umeme si mwongo," anajibu, hainui kichwa.
"Ila fupi naye anaipenda."

Akatoa waya wa pili, madini yale yale,
kipenyo maradufu.
Nikakisia: unene mara mbili, basi ukinzani nusu.
Nilikisia kama mtu aliyemaliza shule zamani na kufaulu.
Alicheka kwa pua. Akachora miduara miwili,
wa pili una upana mara mbili ya wa kwanza,
akaujaza penseli taratibu, hadi ukingoni.
"Usitazame upana. Ukate waya kama muhogo, utazame uso wake.
Hapo ndipo wanapopita. Nafasi ni mara nne."

Themanini za mnene: moja nukta nane.
Sawa na ishirini za mwembamba.
Nikabaki na kitambaa cha vyombo mkononi.
Kwa hiyo mtu anaweza kwenda mbali mara nne
na asichoke zaidi ya yule wa karibu,
mradi apewe njia.
Sikulisema hilo. Angeniambia niandike mahali pengine.

Saa kumi na moja asubuhi gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Zamu yangu inaanza kumi na mbili.
Nikaifuata kebo kwa tochi, kinyumenyume,
au tuseme kebo zangu tatu za taa za Krismasi,
nyembamba kama tambi, za bei ya kutupa,
nilizoziunga kichwa kwa mkia
kutoka gari hadi kibarazani, chini ya mlango, hadi jikoni.
Urefu uliozidi nilikuwa nimeuviringisha bunda pale penye viatu.
Juu ya bunda amelala paka,
tumbo wazi, miguu minne hewani,
sultani.

Siwema, na blanketi mabegani, akapenyeza kiganja chini yake.
"Pana joto."
Tulitazamana.
Joto la injini lilikuwa limelipwa lote njiani,
na mpokeaji alikuwa anakoroma.

Orest wa nyumba ya pili, fundi umeme mstaafu,
alikuja na kebo ya manjano, fupi, nene kama kidole gumba,
ngumu kwa baridi mithili ya bakora.
Alizitazama zangu
kama unavyomtazama mtu aliyevaa kandambili thelujini.
"Mngeungua," akasema. Basi.
Akaichomeka kwenye tundu la ukuta wa nje,
lile lenye kifuniko,
ambalo kwa miaka miwili nimelidhani pambo.

Swali la mwisho la Siwema lilitaka mfano
kutoka maisha ya kila siku, kwa sentensi mbili.
Aliandika:
Paka wetu alipata joto. Gari letu halikupata.

Mwalimu alimpa alama zote.
Paka, tangu usiku ule, hasemi nami.