Zamu ya Nengah Rundu, Siku ya Nyepi

Jana tulipiga kelele mpaka pepo wakaziba masikio.
Vijana walibeba mabegani jitu la mianzi na magazeti,
ulimi hadi kitovuni, macho ya balbu,
wakalizungusha mara tatu kwenye njia panda
lipoteze dira, lisijue lilikotoka.
Kisha tukalichoma. Asubuhi hii
masikio yangu bado yana upatu ndani yake.

Leo ni zamu yangu. Nimejifunga nguo ya drafti,
nyeusi na nyeupe, kama ile wanayovishwa walinzi wa mawe,
nikapewa njia ya kutoka hekalu la wafu hadi darajani.
Kazi yenyewe ni kuhakikisha hakuna kazi.
Moto usiwashwe. Mtu asitoke. Mkono usishike jembe.
Hata starehe imeambiwa ipumzike.
Pepo wakirudi wachungulie, waone kisiwa kitupu,
waseme, hapa hapana watu,
wapite zao baharini.
Ni ulaghai mkubwa, na watu milioni nne na ushei
wanaufanya kwa pamoja bila hata mmoja kucheka.

Lami ikipata joto hualika, kama mtu anayevunja vidole.
Sikuwa nalijua hilo.
Maji ya mfereji hayakuambiwa ni siku gani.
Jogoo wa Men Sudri aliambiwa, akapuuza.
Mbwa amelala katikati ya barabara kuu, miguu minne juu,
mahali ambapo juzi asingemaliza mwayo mmoja.
Angani hakuna ndege hata moja.
Ndege wenye manyoya wapo. Wamerudishiwa anga yao.

Adhuhuri nilipita langoni kwa Gede, kaka yangu.
Mwezi wa kumi na moja huu hatusemezani.
Damu ni nzito kuliko maji, sawa,
ila si maji ya mfereji, wiki ya kupandikiza mpunga.
Aliyageuzia kwake usiku. Jaruba langu likapasuka
kama kisigino. Nikamwambia neno.
Silirudii. Leo hata kulirudia ni kazi.

Nikasimama hapo, nikajiuliza:
kimya hiki cha leo na kile chetu,
asikilizaye kutoka nje angevitofautishaje?
Pepo akichungulia ukutani kwetu siku yoyote ya mwaka
angesema, hapa hapana watu, akapita.
Au angehamia. Nyumba tupu haikosi mpangaji.

Usiku ukaingia bila mwezi.
Kisiwa kizima kilizimwa kwa pumzi moja,
nyota zikashuka hadi kwenye mapaa.
Na kutoka jikoni kwa Gede,
uzi wa mwanga, mwembamba, wa manjano.

Nilifurahi. Nakiri. Nilihesabu faini kichwani,
nikaiona sura yake mbele ya baraza la kijiji.
Nikanyata hadi dirishani.
Ndani, taa moja chini ya kapu la kufunikia kuku,
na Gede, mtu mzima, amepiga magoti
akimpepea mjukuu wake wa siku tisa,
mtoto mwekundu kwa homa, mdomo wazi, bila sauti.

Ruhusa ya taa kwa wagonjwa ipo. Ipo kila mwaka.
Unamwomba tu mlinzi wa zamu.

Mlinzi wa zamu ni mimi.

Nikaivua ile nguo ya drafti,
nikaitundika dirishani, pembe kwa pembe,
nikaziba mwanya wa chini kwa kilemba changu.
Ndani mtu alikohoa. Kikohozi hicho nakijua
tangu tulipokuwa tukilala mkeka mmoja.
Sikubisha hodi. Nilimaliza zamu
kichwa wazi, nikitetemeka kwa umande,
mlinzi asiye na alama, nikiwatisha mbwa tu.

Kulipokucha, moto ukiruhusiwa tena,
na watu wakianza kuombana radhi nyumba kwa nyumba,
niliikuta nguo kizingitini kwangu
imekunjwa vibaya, mikono ya haraka, kilemba ndani.
Nililitafuta neno la kwanza la mwaka
na kinywa kilikuwa kama bawaba iliyoota kutu.
Nikauzunguka ukuta. Alikuwa akikoka kuni.
Nikasema, Gede,
kukunja nguo hujui tangu utotoni.