Hodi ya Tatu

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Umeme umerudi saa nane za usiku.
Mwanakombo hakuandika programu;
amepanga malango ndani ya chipu,
yote yaitike pigo moja la saa.

Kibao kinabisha: hodi.
Kompyuta kimya.
Hodi.
Kimya.
Ya tatu, kisha kigeuke kiende zake.
Ndivyo alivyokifunza, ndivyo alivyofunzwa.

Amekagua waya, anwani, hesabu ya kuhakiki,
mpaka akaona: baiti zinatoka kinyume,
zinaanzia kulia,
kama alivyosoma chuoni, kidole juu ya juzuu.

Akazipindua.

Hodi.
Karibu, ikajibu kompyuta.
Karibu.
Karibu.
Na kibao kimeduwaa mlangoni:
kusema starehe
hajakifunza bado.