Boga, Bata, Tanuri

Lourdes anainua kadi ya kwanza: boga.
Baba anagusa kichwa chake.
Lourdes anaweka alama ya kosa.

Ya pili: bata.
Baba anachomoa mfuko wa pajama,
mtupu, unaning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.
Kosa.

Ya tatu, tanuri.
Hapo kinywa kinafunguka, ule upande unaotii:
"Tumo humo. Mimi, na huyu binti."
Lourdes anamgusa paji la uso,
anatafuta kipimajoto.

Mpole, Lourdes, na mgeni. Kaja juzi kutoka Asunsion,
viatu vyake havijaonja matope ya Avellaneda.
Namvuta kando, penye mashine ya kahawa iliyokufa.
Sikiliza, namwambia, mzee hajakosa hata moja.
Ng'ambo hii ya mto Riachuelo
kichwa ni boga, hasa kikiwa kigumu.
Aliyechacha ni bata. Usiniulize kwa nini,
labda kwa kuwa bata hakushonewa mfuko.
Na aliye tanurini hana homa,
ameona cha mtema kuni, basi.
Ana kiharusi, ana deni la duka la dawa,
ana binti wa miaka hamsini na mbili anayempiga mswaki.
Yumo. Tumo.

Lourdes anaandika. Na mpira? anauliza.
Jana nilimwonyesha mpira, akanuna:
"Wewe hunipi."

Maana yake humjali.
Maana yake unatazama karatasi.

Akafunga daftari.

Miaka thelathini na saba kwenye kiwanda cha ngozi
baba hakuwahi kuwa na kazi. Alikuwa na *laburo*,
neno lililoshuka melini na babu yake kutoka Genoa
likiwa limevaa koti la mtu mwingine.
Kiharusi kilipita kama mwizi mwenye haraka,
kikazoa maneno ya sebuleni:
meza, Jumanne, tafadhali,
jina la marehemu mama.
Ya uani kikayaacha,
yale yaliyolala chini ya kitanda pamoja na buti.

Kadi ya siagi. Baba anatazama dari,
anacheka mpaka mate yanamtoka.
Zamani, nasema, watoto wa matajiri, ndivyo tulivyosimuliwa,
walirusha siagi darini kwa vijiko
washindane ya nani itaganda.
Mtu akifuja mali, ndiyo tunamwambia hivyo.
Lourdes naye anainua macho. Hospitali ya umma,
dari lina madoa ya manjano toka ukuta hadi ukuta.
"Na hapa," anauliza, "alirusha nani?"
Baba akampigia ukope. Ule mmoja unaofanya kazi.

Sikumwambia habari ya majina.

Kwetu neno huweza kugeuzwa, mkia ukatangulia.
Kwenye cheti mimi ni Zulma. Nyumbani, Mazul.
Mazul lete chumvi. Mazul umechelewa.
Mazul siku ya harusi, Mazul siku ya talaka,
alipokuja na lori la kuazima kubeba vyombo vyangu
bila kuuliza neno.

Jumamosi usiku, taa za korido zimepunguzwa,
alinishika kidole,
akasema taratibu, silabi kwa silabi,
sawasawa na karani wa msajili:
"Zulma."

Lourdes angeweka alama ya vema.

Mtu anayeelewa kwa kuchelewa, kwetu,
husema kidude kimedondoka,
kile cha simu za mtaani enzi zile:
unakitumbukiza, kinakwama,
unapiga sanduku kibao, unangoja,
unaanza hata kuondoka,
halafu *kling*, na upande wa pili
mtu anasema haloo.

Nilikisikia kikidondoka.

Nikatafuta neno la kumrudishia
na kila nililolishika lilikuwa na kichwa na mkia.
Nikasema: Baba.
Hilo, hata uligeuze, linabaki lilivyo.