Kulia Juu ya Kushoto

Mara tatu nililipa kuliona koti lile
katika sinema ya Senju iliyonuka ngisi wa kuchoma,
daftari gotini, penseli ikienda gizani bila macho.
Mwanamke wa Ulaya alishuka kwenye treni,
ukosi kausimamisha, mkanda kaukaza kiunoni,
akavuka stesheni kwa hatua kumi na moja,
nilizihesabu, kisha mlango ukamla.
Mgongo wake kamera haikuuonyesha.

Nikaubuni mgongo.
Nikatia rinda moja refu, upepo ukilipiga lifumbuke,
kwa kuwa Azami wangu, msichana wa manga,
kurasa kumi na sita kwa wiki,
alikuwa mtu wa kukimbia juu ya mapaa.
Rangi nayo? Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe,
kurasa zangu vilevile; hatukudaiana.
Ila mhariri, Bwana Orihara, alipotaka jalada,
nilichovya brashi katika damu ya mzee,
rangi ya kitambaa kilichosalia
kwenye kikapu cha mama.

Mama alishona kimono za watu miaka arobaini.
Aliuchukua ukurasa, akausogeza kwenye taa,
sindano ingali mdomoni.
"Huyu umemvika sanda."
Nilicheka. Hakucheka.
Akaweka kidole penye vifungo:
kulia juu ya kushoto.
"Aliye hai, kushoto ndiko juu.
Hivi hufungwa maiti."
Nikamweleza kwamba wanawake wa kule
ndivyo wanavyofunga makoti yao, wazima wa afya,
midomo imekolea rangi, wanapanda treni.
"Kule ni kule," akasema, akaukata uzi kwa meno.

Usiku ule nilivifuta vifungo sita kwa wino mweupe,
nikavihamisha.
Hakuna msomaji aliyegundua.
Barua zilikuja gunia zima,
wasichana wa Niigata, wasichana wa Kochi,
wakiuliza koti la Kizungu kama lile linauzwa wapi.
La Kizungu!
Mbele lilikuwa la mama, nyuma langu,
Ulaya ilibakiwa na ukosi.

Kisha Februari moja, theluji ya majimaji.
Mama kalazwa juu ya tatami, kichwa kaskazini,
kimono nyeupe, aliyoishona mwenyewe bila kutuambia,
na mkono wa kuifunga ukatakiwa kuwa wangu.
Kushoto kwanza, ndani.
Kisha kulia, juu.
Vidole viligoma. Miaka thelathini
vilikuwa vimemfunga Azami kwa njia ya walio hai.
Nikavilazimisha.

Nikarudi nyuma hatua moja kumtazama,
kama nitazamavyo ukurasa wino haujakauka,
na nikamwona: stesheni, mvuke,
ukosi umesimama,
vifungo kwa ile njia yao,
hatua kumi na moja,
na mgongo ambao sikuwahi kuonyeshwa.