Sailensi

Huku Keko tunaiita sailensi,
injini inapounguruma na mguu haupo kwenye mafuta.
Nani aliipa jina hilo, sijui.
Kimya chake kinatikisa mabati ya gereji
na kumwaga chai ya jirani anayeuza betri.

Kresida ya Ngwali haikuwa na sailensi.
Silinda sita, kamshafti imechongwa upya Gerezani,
kabureta ya midomo minne imeikalia juu
kama bibi harusi asiyemtaka bwana.
Ukikanyaga, inapaa.
Ukiachia, inakohoa mara tatu, inazima.
Jumamosi mbili mfululizo imezimia mstarini,
taa bado nyekundu, watu wanacheka,
Ngwali kang'ang'ania usukani
kama mtu aliyeachwa na treni.

Nilianza na skrubu za mchanganyiko.
Robo ya mzunguko ndani. Robo nje.
Nikaegemeza mpini wa bisibisi kwenye mfupa wa sikio la kulia,
la kushoto lilibaki kwenye mashindano ya themanini na tisa,
nikasikiliza.
Nusu nje. Moja na nusu.
Wapi.
Skrubu ukiifunga kabisa injini inatakiwa ife;
niliifunga, ikaendelea vilevile,
kama mtoto unayemwita naye anatazama ukuta.
Nikailaumu hewa: mwezi wa tatu, joto la Dar limelowa,
ukivuta pumzi unakunywa.
Nikailaumu petroli. Nikamlaumu na Ngwali.

Havintishi, mwanafunzi wangu, alikuwa kakaa juu ya tairi
anakula muhogo, geji ya vakyumu mapajani,
mshale unatetemeka kati ya sita na tisa.
"Fundi," akasema, "hizo skrubu hazikusikii
kwa sababu mlango uko wazi."

Tukaifungua. Tukailaza chali juu ya gazeti.
Kweli. Ili isizime, nilikuwa nimeinua kipepeo
mpaka ufa wa pembeni ukachungulia wote,
petroli inapita hapo,
inazipita skrubu bila hodi.
Miaka thelathini na minne ya ufundi,
nikajikuna kichwa kwa mkono wenye grisi.

Tiba yake si ngumu, inataka moyo tu:
utoboe bawa la kipepeo,
hewa ipate njia yake, kipepeo kirudi kujifunga.
Tundu likizidi, hulizibi kwa majuto.
Nikampa yeye drili, biti ya milimita mbili.
Mkono wangu ulitaka kushika juu ya wake;
nikautia mfukoni.
Unyuzi wa shaba ukatoka umejikunja,
ukaangukia matokeo ya mpira.

Bawa la kwanza. La pili. Tukafunga, tukawasha.
Haitoshi. Tukafungua tena, tukaongeza nusu milimita.

Saa moja usiku: robo nje, mshale ukapanda kumi.
Robo nyingine, kumi na mbili.
Kamshafti ile haitatulia maisha,
inachechemea, du-du, du, du-du,
lakini sasa inachechemea kwa hesabu.
"Mbona haina ukali?" Ngwali akauliza.
Havintishi akafuta bisibisi kwenye suruali.
"Inakungoja wewe."

Jumamosi, ng'ambo ya Kigamboni, kwenye lami isiyo na jina bado,
nilisimama na ndala upande wa sikio bovu.
Sikuisikia. Niliihisi unyayoni,
taa nyekundu ikijichukulia muda wake.
Haikuzima.

Tulishindwa kwa urefu wa boneti.
Ngwali alimfokea kila mtu, kasoro gari.
Havintishi alishafunua boneti,
moshi usoni, ukucha kwenye skrubu.
"Robo," alisema. "Imebaki robo."