Duara la Msesewe

Majani matatu, Aikaeli, niliyachuma Kibosho
kando ya mfereji, jua halijagusa migomba.
Gome nililiacha. Gome ni la wapika mbege,
na la shangazi Ndeanasia, tumbo likimsokota.

Mjini Moshi, jenereta ya maabara ikikohoa,
nimekesha nikisoma kitu kidogo cha kijani:
uzi usio na mwanzo, umejifunga kama ngata
chini ya ndoo ya maji.
Herufi nne tu, zimepangwa laki na nusu na ushei,
na humo kipande kimeandikwa mara mbili,
cha pili kikisomeka kinyumenyume,
kama mtu anayerudi njia ile ile
akikumbuka hakufunga mlango.

Uchungu sikuuona.
Uchungu umeandikwa kwingine, ndani ya kiini,
walikochanganyika baba na mama.
Huku kwenye ukijani ni mama peke yake:
mama, na mama yake, na wa nyuma yake,
mbegu kwa mbegu.
Chavua ya baba imepita
bila kuacha hata herufi.

Nilicheka, dada, nikamwaga chai kwenye daftari.
Kihamba si kilikwenda kwa Ndelilio?
Masale pande zote yanamtambua yeye.
Ila mche ule, nakumbuka, mama aliubeba
kwenye kopo la mafuta ya kupikia
kutoka kwao Uru, mwaka alioolewa,
na hakuna aliyemwuliza anapanda nini.

Kesho nitarudia kipimo.
Sampuli moja haitoshi.