Bado Laki Mbili

Boti ya nje, alisema meneja wa kiwanda,
ni milioni kumi na nane, na hapo hujaongea na forodha.
Akamaliza chai yake, akatazama bwawa.
Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya mizani:
Tabu Kihongosi, majani mabichi, kilo arobaini na mbili.
Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi. Mshahara wangu,
bila kula, bila kuugua,
miaka saba.

Fundi Nyenza wa Mafinga hutengeneza vitanda na majeneza.
Nilimkuta anapiga randa. Kamwene. Kamwene.
Nikamwambia nataka kitu kati ya hivyo viwili,
urefu wa kitanda na nusu,
cha mtu mmoja,
kiwe cha kuelea.
Hakucheka. Aliuliza, "Una kilo ngapi?"
Ndiye mwanamume wa kwanza kuniuliza hilo nikamjibu ukweli.

Plaiwudi ya milimita sita, daraja la pili,
ile yenye macho ya msonobari. Gundi makopo mawili.
Mlingoti ni mkaratusi mwembamba
uliokaushwa wiki tatu darini, juu ya moshi wa jiko la mkewe.
Tanga tulilikata kwenye turubai jipya la bluu,
mama mkwe akalishona kwa cherehani ya miguu
huku akiuliza, jamani, nani amefiwa.

Laki tisa. Nimelipa saba.
Ndiyo maana ubavuni, kwa rangi iliyobaki ya mlango wa duka,
Nyenza aliandika jina bila kuniuliza:
BADO LAKI MBILI.

Tangu darasa la kwanza navaa makoti ya watu nisiowajua.
Baiskeli yangu ina jina la mtu, limekwanguliwa nusu.
Kitandani tulilala wanne, mimi ukutani.
Sijawahi kuketi mahali ambapo hapakuwa na joto la mwingine.
Boti hii ilinuka mbao tu.
Nilikaa ndani yake palepale nchi kavu,
kuku wa Nyenza wakinizunguka,
nikakataa kushuka.

Jumamosi ya Juni, ukungu mzito, tulifika watano.
Maboya ni madumu ya mafuta ya kula.
Mpiga filimbi ni mlinzi wa pampu.
Tulipojipanga ndipo nikaona: BADO LAKI NNE, ya Mwalimu Lutengano.
BADO ELFU TISINI. BADO MBUZI MMOJA.
Daftari zima la Nyenza lilikuwa majini,
na boti ya meneja katikati, nyeupe, haidaiwi na mtu.

Nyumbani wananiita mbishi,
na kila nilipobisha nililetewa sufuria niioshe.
Hapa upepo ukikujia usoni hakuna adabu nyingine:
bisha kulia, bisha kushoto,
uubishie mpaka ukupe njia.
Mkono mmoja usukani, mmoja kamba ya tanga,
makalio nje, goshini, juu ya maji.
Hakuna wa kumwambia shika hapa.
Hakuna wa kumlaumu pia, na hilo sikulitegemea.

Dumu la pili nikapinduka.
Maji ya Mufindi mwezi wa sita hayana utani.
Nikakanyaga ubao wa chini, chombo kikainuka
kikitema kama mtoto aliyenyweshwa uji kwa haraka,
nikapanda. Nilikuwa wa mwisho;
sasa nikawa wa mwisho zaidi.

Mwalimu alimpita meneja karibu na matete.
Anayedaiwa zaidi, walisema wachuma chai ukingoni,
hukimbia zaidi.

Nilipofika, filimbi ilikuwa imesharudi mfukoni.
Nyenza tu alisimama, kopo la rangi mkononi.
Nikachomoa kifuani elfu thelathini zilizolowa,
akazitandaza moja moja juu ya kichaka cha chai.
Akainama, akagusa ubavu wa boti kwa kidole.
"Rangi haishiki penye maji," akasema.
"Tutabadilisha ikikauka."

Nikaisukuma tena bwawani.